Redio za ridhaa: Kwa nini mifumo ya sauti ya kidijitali haisikilizani

Kwa miongo kadhaa waendeshaji wa redio za ridhaa walikuwa na neema moja ambayo hawakuitafakari sana, kwa kuwa waliikuta na kuizoea. Aliyekuwa na redio ya FM, awe ameinunua dukani, ameirithi kwa baba yake au ameiunga mwenyewe mezani kwa waya na risasi ya kulehemu, aliweza kuzungumza na mwingine yeyote aliyekuwa katika masafa yaleyale. Jina la kiwanda lililoandikwa kwenye kasha halikuwa na uzito wowote. Leo, katika miji mingi ya Japani, Ulaya na Marekani, watu wawili wenye leseni sawa na redio mpya za bei kubwa wanaweza kuishi mtaa mmoja, wakafungua masafa yaleyale, na kila mmoja asisikie kutoka kwa mwenzake ila mvumo.

Kinachowatenganisha si umbali wala mlima. Sauti zao zimegeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo zimepangwa kwa mifumo tofauti isiyofahamiana.

Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kwa ajili ya watu wanaojifunza na kufanya majaribio ya mawasiliano bila malipo. Kila mwenye leseni hupewa alama ya utambulisho inayoonyesha nchi yake: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Kanuni za shirika hilo zinawakataza waendeshaji wa nchi mbalimbali kusimba mazungumzo yao kwa nia ya kuficha maana. Anayezungumza hewani anapaswa kukubali kusikika na yeyote. Sharti hilo la uwazi ndilo linaloufanya ushindani wa mifumo ya kidijitali uwe zaidi ya shindano la kawaida la wafanyabiashara.

Japani yafungua njia

Mfumo wa kwanza uliobuniwa mahususi kwa ajili ya watu wa ridhaa ni D-STAR, uliotolewa mwaka 2001 na chama cha redio za ridhaa cha Japani, JARL, baada ya utafiti uliogharamiwa na serikali ya nchi hiyo. Kampuni ya Icom ndiyo iliyoupokea kwa bidii zaidi. D-STAR hurusha biti 4,800 kwa sekunde: 2,400 ni za sauti, 1,200 za kurekebisha makosa yanayotokea njiani, na 1,200 zilizobaki hubeba maandishi au mahali alipo msemaji. Yote hayo hutoshea katika nafasi ya takriban kilohezi 6.25, ambayo ni chini ya nusu ya ile inayohitajiwa na FM ya kawaida ya redio za ridhaa.

Ulaya ilikuja na DMR, kiwango kilichochapishwa na taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, mwaka 2005. Hakikulenga watu wa ridhaa hata kidogo, bali viwanda, kampuni za ulinzi na wengine wanaotumia simu za upepo kazini. Ufundi wake mkubwa ni kugawana muda. Redio moja hurusha kwa milisekunde 30, kisha huiachia nyingine milisekunde 30, kwa zamu za haraka ambazo sikio haliwezi kuzitambua. Kwa njia hiyo mazungumzo mawili hupita katika mkondo mmoja wa kilohezi 12.5. Kilichoiingiza DMR katika mikono ya watu wa ridhaa, hata hivyo, si ufundi huo bali bei: viwanda vya China vilianza kuunda redio zake kwa gharama ambayo hata kijana anayeanza aliweza kuimudu.

Mwaka 2013 kampuni ya Yaesu ya Japani nayo ilileta System Fusion, ambayo mitambo yake ya kurusha upya mawimbi, maarufu kama ripita, hutambua yenyewe iwapo anayeita anatumia FM au dijitali. Upo pia NXDN, na upo P25 wa Marekani, ambao maandalizi yake yalianza mwaka 1989 ili polisi na wazima moto wenye redio za viwanda tofauti waweze kusikilizana. Mfumo uliobuniwa kubomoa ukuta umegeuka, kwa watu wa ridhaa, kuwa ukuta mwingine mmoja.

Chipu ya mtu mmoja

Chini ya majina yote hayo kuna kiini ambacho mnunuzi haoni: chombo cha kubana sauti. Simu ya kawaida ya kidijitali hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Kuipunguza sauti hadi biti 2,400 ni kazi ngumu, na mifumo yote iliyotajwa imeitegemea teknolojia ya kampuni moja ya Marekani, DVSI, inayojulikana kwa majina ya IMBE na AMBE. Chombo hicho hakirushi sauti yenyewe. Kila baada ya milisekunde 20 huichambua sauti ya msemaji na kuieleza kwa tarakimu chache, yaani kina chake, nguvu yake, na kama ni mlio wa koo au mpulizo wa hewa. Redio inayopokea husoma maelezo hayo na kuiunda sauti upya.

Teknolojia hiyo ililindwa kwa hataza na kuuzwa ndani ya chipu. Kanuni za D-STAR zimechapishwa na yeyote anaweza kuzisoma, lakini asiye na chipu hakupata sauti kwa urahisi. Kisheria huko si kuficha mazungumzo, kwa kuwa chipu inauzwa wazi. Kwa huduma iliyoanzishwa ili watu wajiundie vyombo vyao, lakini, ni kama kupewa ruhusa ya kujenga nyumba nzima isipokuwa mlango.

Hapo ndipo palipozaliwa upinzani. David Rowe, mhandisi wa Australia, kwa kuhimizwa na Mmarekani Bruce Perens, aliandika Codec 2, programu huria inayofanya kazi ya chipu hiyo bila kumlipa mtu. Mwaka 2012 ikaanza kusikika katika masafa mafupi kupitia programu ya FreeDV. Mwaka 2019, Wojciech Kaczmarski wa Poland alianzisha M17, mfumo unaotumia Codec 2 na ambao kila sehemu yake iko wazi. Jina lake limetokana na anwani ya klabu ya mafundi mjini Warsaw, Mokotowska 17. Udhaifu wake ni uchache wa redio zinazotoka kiwandani zikiwa tayari kuutumia. Wengi hulazimika kuifungua redio ya Kichina, kuhamisha nyaya ndani yake na kuipa programu nyingine.

Daraja la intaneti

Suluhisho lililoenea ni la kupitia pembeni. Mwingereza Jonathan Naylor alibuni MMDVM, modemu inayoelewa mifumo kadhaa kwa pamoja, na kutokana nayo vimetengenezwa vituo vidogo vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti. DMR na Fusion huunganishwa kwa urahisi, kwa sababu kizazi cha AMBE wanachotumia ni kimoja. D-STAR hutumia kizazi cha zamani, hivyo sauti yake ni lazima ifunguliwe na kubanwa tena, na kila inapobanwa hupoteza uhai wake.

Kwa njia hiyo mtu aliye Mwanza asiye na ripita jirani anaweza kuingia katika mazungumzo ya dunia. Namba za utambulisho za DMR hufuata tarakimu za nchi za simu za mkononi: 640 Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 635 Rwanda, 642 Burundi. Ila mawimbi yake yanasafiri mita chache tu hadi kwenye kisanduku kilicho mezani. Safari iliyobaki ni ya intaneti.

Umeme na intaneti vinapokatika wakati wa mafuriko au tetemeko, daraja hilo huanguka, na hiyo ndiyo saa ambayo watu wa ridhaa huhitajika. Isitoshe, sauti ya kidijitali hubaki safi hadi ukingoni kisha hukatika ghafla, ikitoa milio ya kibati isiyo na neno ndani yake. FM hufifia polepole, na sikio lililozoea huweza kuokota jina la kijiji au idadi ya majeruhi katikati ya mvumo.

Kwa anayenunua leo, swali la kwanza si mfumo upi ni bora, bali majirani zake wanatumia upi. Karibu redio zote za kidijitali zinazouzwa kwa watu wa ridhaa bado zina FM ndani yake, na wawili walioshindwa kusikilizana kwa tarakimu hurejea huko kwa kubonyeza kitufe.