Matunzo ya mtoto mzazi akitoweka (Kenya)

Mzazi anayedaiwa matunzo akitoweka, wajibu wake haufutiki katika sheria ya Kenya. Kinachobadilika ni njia ya kumfikia. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza na kumlinda mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata msingi huohuo, tofauti na ile ya 2001 iliyomtwika kwanza mama ambaye hakuolewa na baba wa mtoto.

Wengi huanzia ofisi ya watoto, ambako afisa huwaita wazazi na kuandika makubaliano yao. Utaratibu huu huwafaa wanaoitika. Aliyejificha haji, na kila mwezi wa kumngoja ni mwezi ambao mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ni heri shauri lifunguliwe mapema katika Mahakama ya Watoto, likiambatana na ombi la amri ya muda, ili chakula na karo visisubiri hukumu.

Kikwazo kikubwa ni wito. Asiyejulishwa kwamba ameshtakiwa hawezi kuhukumiwa kwa haki. Mpeleka wito asipomkuta, mdai huiomba mahakama iruhusu njia mbadala: wito ubandikwe mahakamani na kwenye nyumba alimokaa mwisho, au utangazwe gazetini. Tangu 2020 kanuni za mashauri ya madai zimekubali pia baruapepe na programu za ujumbe kama WhatsApp, mradi namba iwe ile anayojulikana kuitumia na pawepo uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Hii ni nafuu kubwa kwa asiyemudu tangazo la gazeti, maana wengi wanaohama mji hawabadilishi namba ya simu.

Anayeomba njia mbadala hula kiapo kuonyesha alivyomtafuta mzazi huyo: kwa chifu, kwa ndugu zake, kazini, kwa mwenye nyumba. Hati hiyo ya kiapo inastahili uangalifu kuliko karatasi nyingine yoyote kwenye faili. Mshtakiwa asipofika, hukumu hutolewa ya upande mmoja, na hukumu ya namna hiyo hutenguliwa ikibainika kwamba wito haukupelekwa ipasavyo.

Amri ikishatoka, si lazima mtu mwenyewe aonekane ndipo mtoto apate haki yake. Mwajiri anaweza kuamriwa kukata mshahara, benki kutoa fedha zilizo katika akaunti, na dalali wa mahakama kukamata mali. Kifungo cha madeni kipo, hakizidi miezi 6, ila kwanza mtu apatikane. Isitoshe, katika utaratibu wa kawaida wa madai, gharama ya kumlisha mfungwa hulipwa na yule anayemdai. Kumtaka mama aliyekosa unga wa wanawe alipie chakula cha aliyewakimbia ni uonevu unaohitaji kurekebishwa.

Kuna pia njia ya jinai. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, inamtia hatiani mzazi mwenye uwezo anayemtelekeza kwa makusudi mtoto wa chini ya miaka 14 bila riziki. Polisi wana nguvu za kusaka ambazo mdai hana, lakini adhabu peke yake haileti matunzo nyumbani.

Hali ni nyingine pale mzazi anapokuwa hajulikani kama yu hai. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu ambaye kwa miaka 7 hajasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kumsikia huchukuliwa kuwa amefariki, hadi ithibitishwe vinginevyo. Hapo madai huhamia kwenye mirathi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtoto ni tegemezi hata kama marehemu hakuwahi kumlisha, na mahakama inaweza kumtengea fungu. Ombi hilo sharti liwasilishwe kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa.