Kasha la Eleusis

Alifika Eleusis kwa miguu, kajifunika shuka jeusi, kajigeuza kikongwe, akaketi kisimani chini ya kivuli cha mzeituni. Siku 9 alikuwa amezunguka dunia na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi, akiulizia binti yake. Mama huyo ni Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Binti ni Persephone, aliyenyakuliwa na Hades, mfalme wa kuzimu, alipokuwa akichuma maua, na aliyetoa idhini ni Zeus, baba yake mzazi. Mabinti wa mfalme Keleos walipokuja kuteka maji walimkuta pale, wakazungumza naye kwa adabu inayompasa bibi, wakampeleka kwao awe yaya wa ndugu yao mchanga. Nyumbani akakaribishwa divai, akaikataa. Akaomba maji yaliyokorogwa na unga wa shayiri na mnanaa.

Hivyo ndivyo mwanzo wa Eleusis unavyosimuliwa katika utenzi wa Kigiriki wenye mistari 495 hivi, ambao mtunzi wake hajulikani. Mama akaifunga ardhi isiote, binadamu wakakaribia kumalizwa na njaa, na Zeus akalazimika kusalimu amri. Persephone akarudi juu, lakini kuzimu alikuwa amekwisha kula punje ya komamanga, kwa hiyo kila mwaka theluthi moja ni ya mumewe huko chini. Kabla ya kuondoka, Demeter aliwafundisha wakuu wa mji ibada zake na kuwakataza kuzitoa nje. Utenzi wenyewe ulikaribia kupotea. Nakala yake ilipatikana Moscow mwaka 1777.

Nimeanza na msiba huu kwa makusudi. Riwaya na filamu hupenda kubuni vyama vya siri vya kale vinavyoabudu miungu wa kike, na karibu vyote huvikwa tamaa ya mamlaka, sumu na majambia. Chama cha kweli, kilichodumu zaidi ya miaka 1,000 umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Athens, kilijengwa juu ya machozi ya mama aliyepotelewa na mtoto. Anayekisimulia bila machozi hayo amekipotosha.

Kazi ya ibada ilikuwa ya koo. Ukoo wa Eumolpidai ulitoa hierofanti, kuhani mkuu mwenye kuonyesha vitu vitakatifu. Ukoo wa Kerykes ulitoa mshika mwenge na mpiga mbiu. Athens ilipoutwaa mji ibada ikawa ya dola, lakini koo hizo hazikunyang'anywa urithi wao. Zama za baadaye, hierofanti akishatawazwa jina lake la kuzaliwa lilikuwa mwiko kutajwa maadamu yu hai. Hilo ndilo vazi lake kubwa: kukosa jina.

Na nani aliruhusiwa kufundwa? Yeyote aliyejua Kigiriki na ambaye mikono yake haikuwa na damu ya mtu. Katika Athens ambamo mwanamke hakupiga kura na mtumwa hakumiliki hata mwili wake, wote wawili waliingia mlango mmoja na mabwana, wakaona yaleyale, wakabeba siri ileile. Sioni jambo kubwa kuliko hili katika tarehe nzima.

Ibada kuu iliangukia mwezi Boedromion, karibu na Septemba yetu. Wajumbe walitangulia kwenda miji ya Wagiriki kutangaza kusitishwa kwa vita kwa siku 55 ili mahujaji wapite salama. Makuhani wa kike wakavipeleka Athens vitu vitakatifu, vimefungiwa ndani ya makasha. Wafundwa walishuka pwani ya Phaleron, kila mmoja na mwananguruwe wake, wakaoga naye baharini, kisha wakamtoa sadaka. Halafu ukaanza msafara wa kurudi Eleusis, mashada ya mihadasi kichwani, mwendo wa kutwa nzima. Kwenye daraja la mto Kephisos walisubiriwa na watu waliowamwagia wakubwa wa mji mizaha na matusi bila kuogopa cheo. Msomaji aliyewahi kuwaona watani wakiwa kazini msibani hatashangaa. Demeter mwenyewe, katika siku zake za kilio, tabasamu lake la kwanza lilitoka kwa mzaha wa mjakazi aitwaye Iambe.

Usiku waliingia Telesterion. Ukumbi huo ulivunjwa na kujengwa mara nyingi. Waajemi waliuchoma walipoivamia nchi mwaka 480 na 479 K.K., na katika zama za Perikles ukajengwa mkubwa zaidi, kila upande mita 50 na ushei, nguzo 42 ndani, mmoja wa wasanifu wake akiwa Iktinos aliyesanifu Parthenon. Kando ya kuta palikuwa na ngazi za kukalia zilizochongwa, nyingine katika mwamba wenyewe. Katikati palikuwa na chumba kidogo, na mwenye ruhusa ya kukiingia alikuwa hierofanti peke yake. Maelfu walikaa gizani wakisubiri. Kisha nuru kubwa ikawaka.

Kilichoonyeshwa hakikuandikwa na aliyekuwamo. Mwandishi mmoja wa Kikristo aliyekuja kuipinga ibada alidai kuwa kilele chake ni suke la nafaka, limekatwa na kuinuliwa katika kimya. Huenda ni kweli, na kama ni kweli halinipunguzii heshima. Ila ni ushahidi wa mpinzani, na shahidi wa namna hiyo hupokewa kwa tahadhari.

Siri ililindwa na sheria kali. Mwaka 415 K.K., Athens ikituma jeshi la majini Sicily, mmoja wa majemadari wake, Alkibiades, alishitakiwa kwamba yeye na wenzake waliigiza ibada nyumbani kwa mtu kama mchezo wa walevi. Akahukumiwa kifo akiwa hayupo, mali yake ikapigwa mnada, makuhani wakaamriwa kumlaani. Alirudi mwaka 407 K.K. kwa njia aliyoijua vyema: kwa kuwa Wasparta walikuwa wamekamata bara na msafara ulikuwa ukipita baharini, aliuongoza kwa miguu, wanajeshi wakiuzunguka. Mwaka 200 K.K. vijana wawili kutoka Akarnania waliingia hekaluni bila kufundwa. Maswali yao yakawafichua, nao wakauawa. Hata hivyo sheria pekee haiwezi kuyaziba maelfu ya midomo kizazi baada ya kizazi. Walinyamaza kwa sababu walikuwa wamepewa kitu. Cicero, Mrumi aliyefundwa, aliandika kwamba Athens haikuwa imewapa watu zawadi iliyo bora kuliko siri hizi, kwani zilimfundisha mtu kuishi kwa furaha na kufa na tumaini.

Warumi nao wakaja. Kaisari Augusto alifundwa. Nero, ambaye alikuwa amemuua mama yake mzazi, alizuru Ugiriki lakini hakuthubutu kwenda Eleusis, kwa kuwa mpiga mbiu aliwafukuza wauaji kabla ya ibada kuanza. Marcus Aurelius alijenga upya yaliyobomolewa na wavamizi mwaka 170 B.K. Mwisho ukafika haraka: mwaka 392 Kaisari Theodosius akapiga marufuku ibada zote za kale, na takriban miaka mitatu au minne baadaye Wagoth wa Alaric wakapita na moto.

Hata hivyo pale kijijini heshima ya mama wa nafaka haikufa. Lango moja la Eleusis, lililowekewa nadhiri na Mrumi Appius Claudius Pulcher katika karne ya 1 K.K., lilibebwa na wanawake wawili wa marumaru, kila mmoja na kasha takatifu kichwani. Mmoja alibaki amezama ardhini hadi shingoni. Wanakijiji, Wakristo wa dhehebu la Orthodox, walimrundikia samadi wakiamini kuwa yeye ndiye anayeyabariki mashamba yao. Mwaka 1801 alifika msomi wa Cambridge, Edward Daniel Clarke, na kibali cha watawala wa Kituruki. Wakulima wakamsihi amwache. Usiku wa kuamkia kung'olewa, ng'ombe dume alimjia yule mama, akamsukuma kwa pembe, akakimbilia bondeni akilia, na watu wakakataa kugusa jembe mpaka padri alipotangulia. Walitabiri kuwa meli itakayombeba itazama. Ilizama, karibu na Beachy Head, pwani ya Uingereza, na sanamu ikaokolewa.

Leo Eleusis ni mji wa viwanda, wenye bandari na kiwanda cha kusafishia mafuta. Ukingo wa kisima cha kale bado upo karibu na lango kuu. Sanamu ile iko Cambridge, katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam. Mwenzake yuko Eleusis, katika makumbusho ya pale pale, kasha lake kichwani, limefungwa. Nasema wazi: yule aliyeko Cambridge arudishwe kwa mwenzake.