Mkono wa mtoto umelegea ghafla? Huenda ni kiharusi cha uti wa mgongo

Wengi wetu tukisikia kiharusi tunamwaza mzee mwenye presha, mdomo umepinda. Ila mtoto naye anaweza kupata kiharusi, na si lazima kiwe cha ubongo.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe wa neva unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Damu ikikatika, sehemu iliyoikosa huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi cha uti wa mgongo. Kwa watoto ni nadra sana.

Mara nyingi huanza na maumivu makali ya ghafla ya shingo au mgongo. Ndani ya dakika au saa chache viungo vinalegea. Kikitokea shingoni, mikono yote miwili inaweza kupooza huku miguu iko sawa: mtoto anatembea vizuri tu, lakini kijiko hakishikiki. Cha ajabu, ukimgusa anahisi, ila joto na maumivu hayasikii.

Chanzo? Ajali, ugonjwa wa moyo, damu kuganda au upasuaji mkubwa. Pia kipande kidogo cha gegedu la katikati ya pingili kinaweza kuingia kwenye mshipa na kuuziba. Hili limewahi kuwapata watoto wazima kabisa baada ya kupiga samasoti, kuinua kitu kizito au kuanguka kidogo. Wengine chanzo hakipatikani.

Kipimo kikuu ni MRI, na siku ya kwanza kinaweza kuonekana safi, hivyo hurudiwa. Halafu kuna magonjwa yanayofanana nacho, polio ikiwemo. Kenya na Tanzania, kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huripotiwa na kupimwa choo. Kwa hiyo usishangae kuombwa choo wakati shida ni mkono.

Usimchue shingo, na usisubiri kukuche. Kikiwa juu shingoni, pumzi nayo inaweza kukata. Kama ameanguka, shingo isitikiswe njiani. Mwambie daktari saa maumivu yalipoanza, alikuwa akifanya nini, na kama anakojoa.

Dawa ya kufufua neva zilizokufa haipo. Kazi kubwa ni mazoezi ya viungo, yaanze mapema. Wapo wanaorudia kuandika na kubeba begi la shule, wengine mkono hubaki dhaifu.