Mafunzo ya Pamoja ya Afya kwa Uigaji

Mafunzo ya pamoja ya afya kwa uigaji ni njia ya kufundishia ambapo wanafunzi wa fani mbili au zaidi za afya, kama udaktari, uuguzi, ukunga na famasia, humhudumia kwa pamoja mgonjwa wa kuigiza. Mgonjwa huyo huwa mwanasesere, mtu aliyefunzwa kuigiza maradhi au programu ya kompyuta.

Mwanasesere maarufu, Resusci Anne, alitengenezwa na Asmund Laerdal wa Norwei mwaka 1960. Mazoezi ya timu yalichotwa kwenye urubani, kisha David Gaba na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakayaingiza katika utoaji wa dawa za usingizi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa elimu ya pamoja ya fani za afya.

Zoezi la kawaida ni la mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mkunga hukanda mfuko wa uzazi, muuguzi huweka dripu na kuandaa dawa ya oksitosini, na mwanafunzi wa udaktari hutafuta chanzo. Anayepokea agizo hulirudia kwa sauti kabla ya kulitekeleza, ili dozi isikosewe. Hufuata mjadala wa tathmini, ambao mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Bila huo, zoezi hubaki maigizo tu.

Vikwazo vikuu ni bei ya vifaa na ratiba za vyuo zisizolingana. Wapo wanasesere wa bei nafuu, kama NeoNatalie, kichanga anayejazwa maji, anayetumika Tanzania kufundishia kumsaidia mtoto mchanga kupumua.