Mbwa wa Msasi na Mpaka wa Katavi

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na katika miongo ya karibuni katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki, ipo asasi iitwayo makao ya mbwa, ambako mwenye mbwa aliyeshindwa kumtunza humfikisha kwa hiari yake na kuondoa mkono wake juu yake, na mbwa huyo hukaa hapo akisubiri kupata mwenyewe mpya. Baadhi yao huandikiwa kwamba wana tabia ngumu, yaani wanauma, wanakimbiza kila kinachokimbia, au hawakubali mtu wasiyemzoea, na kwa hiyo hawapewi ila mlezi mzoefu aliyekwisha kuishi na mbwa wa namna hiyo. Sitalike, kijiji kilichoko kwenye ukingo wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hakikujengewa asasi ya aina hiyo, lakini swali inalolijibu, la mbwa aliyemshinda mwenyewe, ni la zamani sana huko. Ukiifuatilia historia yake utaona kwamba mara nyingi kilichobadilika si tabia ya mbwa, bali mpaka uliochorwa kando ya mahali alipolala.

Kijiji hicho kiko kiasi cha kilomita 35 kusini mwa mji wa Mpanda, penye daraja la Mto Katuma, mto ambao wakati wa kiangazi hupungua hadi viboko wakarundikana kwenye madimbwi ya tope, mgongo kwa mgongo, wakipigania maji yaliyosalia. Nchi inayokizunguka ni miombo, yaani pori la miti mirefu kiasi, yenye nyasi chini yake, lenye nyuki wengi na udongo usio na rutuba kubwa, na watu waliokaa ndani yake tangu zamani, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, walikula kutokana na jembe, asali, samaki na mawindo. Hata jina la hifadhi lina asili ya uwindaji, kwa kuwa Katabi, ambaye mzimu wake unasimuliwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi na ambaye watu wameendelea kumpelekea sadaka, anakumbukwa katika masimulizi kuwa alikuwa mwindaji. Mwindaji wa miombo hakuwa mkamilifu bila mbwa.

Mbwa aliyetumika katika kazi hiyo ni yule wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, mbavu zinazohesabika na miguu myepesi, ambaye walowezi wa Kizungu walizoea kumwita mbwa shenzi na ambaye watu wa mijini humwita mbwa koko, jina ambalo sehemu yake ya pili ni neno la zamani la vichaka. Majina yote mawili ni ya dharau, na yote mawili yametungwa na watu wasiomtumia. Kwa msasi, yaani mwindaji anayekimbiza mnyama kwa mbwa, mnyama huyu alikuwa chombo chenye kazi tatu: kumwibua nsya au ngiri kutoka kichakani, kumfuata kwa harufu pale macho ya binadamu yaliposhindwa, na kumzuia kwa kubweka na kurukaruka mbele yake mpaka mwenye mkuki afike. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, katika misitu ya Kongo, ambako kuna mbwa wasiobweka kwa sauti ya kawaida, wawindaji waliwavisha njuga za mti shingoni ili wajulikane walipo. Katika kazi ya tatu ndipo mbwa wengi walipokufa, kwa maana ngiri aliyebanwa hurudi nyuma kuelekea shimo lake na kuwakabili kwa pembe zake, na mbwa mwoga hukimbia, na mbwa mpumbavu hupasuliwa tumbo.

Kwa hiyo sifa zilizotakiwa ndizo hasa ambazo karatasi ya makao ya mbwa ingeziandika kuwa kasoro. Mbwa mwema alikuwa yule anayekimbiza bila kuamrishwa, asiyeachia alichokishika, asiyeogopa mnyama anayemzidi uzito na asiyekubali kuguswa na mgeni. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia huelezwa mara nyingi kuwa inahusu watoto na wazazi au watumwa na mabwana zao, lakini kabla ya kuwa fumbo ilikuwa taarifa ya kweli, kwa sababu mtoto wa mbwa hakufundishwa kwa maneno, alifuatana na mbwa wakubwa na bwana wao porini mpaka mwendo wao ukawa mwendo wake. Mtu aliyemchukua mbwa wa namna hiyo bila kuwa na kazi ya kumpa alijitwisha mzigo, na mlezi mzoefu, kwa lugha ya leo, hakuwa mwingine ila mwindaji mwenziwe.

Haipasi kudhani kwamba pori hilo lilikuwa peponi pa mbwa. Ndorobo, yule mbung'o anayesambaza malale kwa watu na nagana kwa mifugo, aliifanya sehemu kubwa ya nchi ya Mpanda isifae kwa ng'ombe, na mbwa naye hakusalimika. Mbwa aliyeambukizwa vimelea hivyo hupata homa, huvimba uso, na macho yake hufunikwa na utando wa rangi ya samawati kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, hadi kipofu huyo akafa baada ya wiki chache. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu waliotawanyika katika mapori ya magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, kwa hoja kwamba malale hushindwa pale ndorobo anapokosa kivuli. Hoja hiyo ya kitabibu ilikuwa na msingi, lakini matokeo yake yalipita tiba, kwa maana pori lililoachwa na watu lilikua na kujaa wanyama, na vizazi vilivyofuata vililiona kana kwamba halikuwahi kukaliwa.

Inafaa hapa kutaja mbwa wa aina nyingine waliofika karibu na nchi hii, hata kama hawakuifikia. Makao ya mbwa ya Battersea, mjini London, yalitokana na kituo kilichofunguliwa na Mary Tealby mwaka 1860 na kuhamia Battersea mwaka 1871, na mwaka 1874 Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya kuvuka Afrika, aliwapata huko baadhi ya mbwa watano aliosafiri nao. Huenda hao ndio mbwa wa kwanza wa makao waliokabidhiwa kwa mtu aliyeonekana kuwa mzoefu na kuletwa Afrika Mashariki, na habari yao haimpi sifa mlezi. Walikufa mmoja baada ya mwingine kwa joto, maradhi na majeraha, na wa mwisho wao, mbwa mnene wa Kiingereza aliyeitwa Bull, alianguka mwaka 1876 katika nchi ya Unyamwezi, kabla msafara haujaliona Ziwa Tanganyika. Uzoefu wa bwana huyo ulikuwa wa njia na bunduki, na mbwa wake walihitaji uzoefu wa jambo jingine.

Sheria iliingia taratibu. Wajerumani walitoa kanuni yao ya kwanza ya uwindaji mwaka 1896, wakatenga maeneo ya wanyama, na sehemu ya bonde la Katavi ikawa miongoni mwake. Waingereza wakafuata kwa sheria ya mwaka 1921 na nyingine ya mwaka 1951, wakaweka maofisa ambao wananchi waliwabandika jina la Bwana Nyama. Mwaka 1974 ulikuwa mzito kuliko yote, kwa kuwa ndani ya mwaka huo mmoja Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, Bunge likapitisha sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori, na nchi nzima ilikuwa katikati ya operesheni ya kuwahamishia wakulima kwenye vijiji. Hifadhi ilipanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, na sheria ya wanyamapori ikaandikwa upya mwaka 2009. Katika sheria hizo mbwa ametajwa pamoja na mitego, sumu na moto, katika orodha ya njia zisizoruhusiwa za kuwinda, na kumwingiza mnyama wa kufugwa ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa. Mbwa yuleyule aliyekuwa fahari ya nyumba aligeuka ushahidi dhidi ya nyumba hiyo, kwa maana mwenye mbwa watatu wembamba wenye makovu usoni hakuwa na haja ya kukutwa na nyama ili ashukiwe.

Hata hivyo mbwa hawakutoweka, walibadilishiwa kazi. Tangu miaka ya 1970 wafugaji Wasukuma walihamia kwa wingi katika nchi ya Mpanda na bonde la Rukwa, wakafuata malisho kadiri pori lilivyofyekwa na ndorobo kurudi nyuma, na zizi lililo karibu na hifadhi yenye simba na fisi halilindwi kwa ua wa miiba peke yake. Mbwa wa zizi hatakiwi kukimbiza, hutakiwa kukaa na kupiga kelele, jambo ambalo mbwa aliyezaliwa kwa wasasi hulifanya kwa shida. Katika mji wa Mpanda, na sasa hata Sitalike penyewe ambapo pamejengwa nyumba za wageni na maduka kwa ajili ya watumishi na watalii, kazi nyingine ni ya kulinda uani, na desturi iliyoenea Tanzania nzima ni kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungua usiku, ukoko wa ugali ukiwa ndio mshahara wake. Kumfungia hivyo humtoa mbwa mwenye wasiwasi na mwepesi wa kuuma, na mwenyewe hulihesabu hilo kuwa faida, hadi akalitangaza kwa rangi kwenye geti lake: mbwa mkali. Maneno ambayo katika makao ya mbwa humfanya mnyama akose nyumba, kwenye geti ndiyo yanayompa nyumba.

Kilichoufanya ukali huo kuwa jambo la serikali ni maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao kwa kawaida huua watoto wa mbwa kwa homa na degedege, uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, na wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji. Kichaa cha mbwa ni kibaya zaidi kwa binadamu, kwa kuwa dalili zikishaonekana hakitibiki, ingawa huzuilika kwa chanjo, na kanuni inayofuatwa ni kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mnyororo wa maambukizi hukatika. Chanjo lakini huhitaji mbwa awe na mtu wa kumshika, na mbwa asiyeshikika ndiye anayerudi nyumbani bila sindano. Kwa miaka mingi njia ya halmashauri nyingi ilikuwa kuwapiga risasi mbwa wanaozurura, njia ambayo haitofautishi baina ya mbwa asiye na bwana na mbwa ambaye bwana wake amelala. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008 iliweka kwamba mwenye mnyama anawajibika kwa mateso yake, lakini haikuunda mahali pa kumpeleka mbwa aliyeshindikana, na vituo vichache vilivyopo vimeanzishwa na asasi za hiari katika mikoa ya mbali kama Arusha.

Katika mikoa hiyohiyo ya kaskazini, hata hivyo, swali la mlezi mzoefu limepata jibu la ajabu kidogo. Tangu miaka ya 2010 mbwa wametumika kufuatilia nyayo za majangili chini ya Kilimanjaro na kunusa pembe za ndovu na nyama ya porini magharibi mwa Serengeti, na taasisi moja ya Marekani inayofundisha mbwa wa kunusa, Working Dogs for Conservation, ambayo mbwa wake wamefika Serengeti, huwatafuta wengi wao kwenye makao ya mbwa. Huwataka hasa wale waliorudishwa na familia mbili au tatu kwa sababu hawatulii na wako tayari kubomoa ukuta ili waufikie mpira uliotupwa. Mwalimu humficha mbwa huyo mpira wenye harufu ya pembe, kisha humficha pembe bila mpira, na kila akipata hulipwa mchezo. Mkufunzi anachokitafuta katika mbwa wa namna hiyo ni kilekile alichokitafuta msasi wa Kipimbwe: asiyechoka, asiyeachia, anayemsikiliza mtu mmoja. Tofauti ni kwamba huyu hupanda gari la askari wa wanyamapori na kuvuka mpaka kwa kibali, ilhali binamu yake wa Sitalike, akiisikia harufu ya pongo kutoka ng'ambo ya Katuma, hufungwa kamba kwenye mguu wa kibanda mpaka jua lizame.