Habari za Stefan Hell na Mpaka wa Nuru

Katika mji wa Jena, nchi ya Ujerumani, liko jiwe la ukumbusho wa bwana mmoja mwenye elimu, jina lake Ernst Abbe, na juu ya jiwe hilo imechorwa hesabu moja fupi. Hesabu hiyo yatoka katika kazi yake ya mwaka 1873, na maana yake ni hii: nuru huenda kwa mawimbi, na vitu viwili vikikaribiana kupita kadiri ya nusu ya urefu wa wimbi moja, hapana kioo, hata kikisuguliwa vizuri namna gani, kiwezacho kuvitenga machoni. Vitaonekana kitu kimoja chenye ukungu. Kwa nuru tuionayo, mpaka huo ni kama nanomita 200. Yaani ukikata milimita 1 vipande 5,000, mpaka ni kipande kimojawapo.

Huenda msomaji akauliza, Hasara iko wapi, maana hata hivyo ni udogo wa ajabu? Hasara ipo. Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, na seli twaziona kwa darubini ya vitu vidogo, ambayo huitwa hadubini. Lakini virusi vingi, na sehemu nyingi za ndani ziifanyazo seli iishi, ni vidogo kuliko mpaka huo. Ni kama kuiona nyumba kwa mbali usiwaone waliomo. Kweli, mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini itumiayo elektroni badala ya nuru, nayo huona vidogo sana. Ila kwa desturi hutaka kitu kiwekwe mahali pasipo hewa, na kiumbe hai hakiwezi kustahimili hayo. Basi aliyetaka kuona uhai ukitenda kazi yake alilazimika kurudi kwenye nuru, na huko alimkuta Abbe amesimama mlangoni.

Stefan Hell alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Arad, nchi ya Romania, katika jamaa ya watu wasemao Kijerumani, akalelewa Sântana, karibu na hapo. Baba yake alikuwa mhandisi, mama yake mwalimu. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Kikomunisti. Mwaka 1978, kijana akiwa na miaka 15, wazazi wake walihama pamoja naye, wakaenda kukaa Ludwigshafen, Ujerumani ya Magharibi. Akasoma fizikia Heidelberg, akapata udaktari wa elimu mwaka 1990. Kazi aliyopewa ilihusu hadubini za nuru, wala haikumpendeza, kwa kuwa aliiona ni elimu ya karne ya 19, mambo yaliyokwisha kuamuliwa na wazee. Lakini kuchoka huko ndiko kulikomwamsha. Tangu siku za Abbe watu wamejifunza mengi juu ya atomu na molekuli. Yawezekanaje kwamba katika hayo yote halimo hata moja la kuufungua mlango huu?

Sisi tufundishao twajua jinsi kanuni iliyoandikwa ubaoni miaka mingi inavyopata nguvu. Mwanafunzi huinakili, kisha naye huwa mwalimu akaiandika tena, asiulize mtu imetoka wapi. Tena hesabu ya Abbe haikuwa ya uongo, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu zaidi kuigusa.

Kwanza Hell alijaribu kuweka vioo viwili vielekeane, nuru ikutane katikati. Kazi hiyo aliifanya Heidelberg kati ya mwaka 1991 na 1993, nayo ilileta faida, maana kina cha kitu kilionekana vizuri zaidi. Lakini mpaka wenyewe haukuvunjika. Mwaka 1993 akaenda Turku, nchi ya Ufini, mgeni mara ya pili katika maisha yake. Huko, Jumamosi moja asubuhi ya mwaka ule ule, alikuwa akifunua kurasa za kitabu cha elimu ya nuru, akafika penye jambo ambalo Albert Einstein alikuwa ameliandika tangu mwaka 1917: kwamba molekuli iliyojaa nguvu, ikipigwa na nuru ya namna fulani, huitoa nguvu yake mara moja, kabla ya wakati wake. Hapo akaiona njia.

Tueleze kwa taratibu. Wenye elimu ya viumbe huzitia sehemu za seli rangi zing'aazo. Ukizipiga kwa nuru ya rangi moja, zenyewe hutoa nuru ya rangi nyingine. Shida ni kwamba molekuli zilizokaribiana hung'aa pamoja, kama watoto wa darasa zima wakijibu kwa mara moja, mwalimu asiweze kujua nani amesema nini. Hell hakujaribu kuinoa nuru iwe nyembamba kuliko asili yake. Alitaka kuwanyamazisha majirani. Mwali wa kwanza huziwasha molekuli. Mwali wa pili, uliofanywa mviringo wenye tundu katikati mfano wa ngata ya kubebea mtungi, huzizima zote ulizoziangukia. Zilizo ndani ya tundu tu ndizo zibakizo kung'aa. Na kadiri mwali wa pili unavyotiwa nguvu, ndivyo tundu lenye mwanga linavyozidi kuwa dogo, hata likapita mpaka wa nanomita 200. Kisha miali hiyo miwili hupitishwa pote, nukta baada ya nukta, mpaka picha ikamilike.

Mwaka 1994 yeye na Jan Wichmann waliyachapisha mawazo hayo. Wengi hawakuyasadiki. Ilikuwa hesabu ya karatasi tu, na mtu asiye na cheo cha kudumu wala fedha nyingi hawezi kuwalazimisha wakubwa wasikilize. Mwaka 1996 taasisi ya Max Planck mjini Göttingen ikampa nafasi, na mwaka 1999 yeye na Thomas Klar wakaonyesha kwa vyombo kwamba jambo lenyewe latendeka. Mwaka 2000 zikachapishwa picha za chachu na bakteria zilizo hai. Tangu kuwaza mpaka kuonyesha ilipita miaka 6, na katika miaka hiyo, twadhani, wengine wangalitafuta kazi nyingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2008 waliweza kupiga picha 28 kwa kila sekunde, wakaviona vifuko vidogo vikitembea ndani ya seli ya neva iliyo hai. Mwaka 2012 wakatazama ubongo wa panya angali mzima. Mwaka 2014 Hell alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Wamarekani wawili, Eric Betzig na William Moerner, waliofika kwa njia nyingine, ya kuziacha molekuli zing'ae chache chache kwa zamu. Mwishoni mwa mwaka 2016 Hell na wenzake waliziunganisha njia hizo mbili, wakapata kuijua molekuli moja ilipo kwa usahihi wa kadiri ya nanomita 1.

Na jiwe la Jena? Hell mwenyewe, aandikapo hesabu yake, huanza na ile ya Abbe kama ilivyo, kisha chini yake huongeza alama moja ya kipeuo, ambayo ndani yake imo nguvu ya mwali wa pili. Mwali huo ukizimwa, hesabu hurudi kuwa ile ile ya mwaka 1873.