Neno la Mgonjwa: Historia ya Hojaji za Mania na Sonona

Mwaka 1961 Aaron Beck na wenzake mjini Philadelphia walitoa hojaji ya vipengele 21, na mgonjwa wa sonona akapata nafasi ya kuupima mwenyewe uzito wa huzuni yake. Mwenye ugonjwa wa bipola, anayepitia sonona na mania kwa vipindi, hakufaidika nayo ila kwa nusu. Siku za mania, anapojiona hodari na asiyehitaji usingizi, neno lake halikuaminiwa. Hojaji za mania za kujijazia zilizokuja kuenea zilianza kutokea miaka ya 1990.

Shaka hiyo ilikuwa na sababu: aliyepandwa na mania mara nyingi hajioni mgonjwa. Emil Kraepelin, aliyeziunganisha mania na sonona kuwa ugonjwa mmoja mwaka 1899, aliegemea kadi zilizoandikwa na madaktari. Hata kipimo cha mania cha Robert Young cha mwaka 1978, chenye vipengele 11 na kinachotumika hadi leo, hutolewa alama na mhudumu baada ya mahojiano.

Kilichobadili mambo ni dawa ya lithiamu. John Cade aliandika juu yake huko Australia mwaka 1949, na Marekani ikaidhinisha itumike kutibu mania mwaka 1970. Wagonjwa wakawa wanaishi nyumbani, wanamwona daktari kwa nadra. Nani angejua yaliyowapata katikati? Ni wao wenyewe.

Mark Bauer na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 1991 kwa kipimo chenye mistari ya milimita 100, ambayo mgonjwa huitia alama mahali anapojiona. Hawakuuliza furaha peke yake. Waliuliza pia kama mawazo yanakwenda mbio na kama mtu hatulii, na majibu ya kasi hiyo ya ndani yakaendana na alama za mania walizotoa wataalamu. Kwangu hili ni jambo kubwa. Mania tumezoea kuifikiria kama furaha iliyozidi, kumbe wengi huipitia kwa hasira na kuhangaika.

Hojaji ya Edward Altman na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1997, ni fupi mno: maswali matano ya wiki iliyopita, juu ya uchangamfu, kujiamini, usingizi, maneno na shughuli. Kila moja lina alama 0 hadi 4, na jumla ya 6 au zaidi ni dalili kwamba mtu anahitaji kutazamwa kwa karibu. Ustadi wake umo katika namna ya kuuliza. Mtu haambiwi akiri kwamba anaumwa. Anaulizwa kama analala pungufu ya kawaida yake, mpaka ngazi ya juu kabisa ya kukesha mchana na usiku bila kuchoka. Anayekataa katakata kwamba ana mania anaweza kulijibu hilo kwa kweli tupu.

Mania inapokuwa kali hata maswali haya hushindwa, na hakuna hojaji inayotosha kumtambua mgonjwa bila daktari. Ila katika kufuatilia zimefika mbali. Mjini Oxford, mfumo wa True Colours umekuwa ukiwauliza wagonjwa kila wiki, kwa ujumbe wa simu au barua pepe, maswali ya Altman pamoja na hojaji ya sonona. Rekodi hizo zimeonyesha kwamba kwa wengi hata muda baina ya vipindi vya ugonjwa si shwari. Hisia huendelea kupanda na kushuka wiki hadi wiki.